Madoa Meupe Kando ya Mulot

Mwaka wa 1974 ulipoingia, Gekara alikuwa ameonja udongo kwa miaka ishirini na mmoja, na ulimi wake ulikuwa umeanza kuchoka kama magoti yake.

Kuonja udongo ndiyo iliyokuwa kazi yake, au tuseme sehemu ya kazi yake. Ofisi ya kuchunguza udongo pale Kericho ilikuwa imemwandika kama mtu wa keekee. Keekee ni chuma kirefu chenye ncha iliyojipinda na mpini wa kukingama; unakizungusha ardhini mpaka kinazama, unakivuta, nacho kinatoka na udongo wa kina cha goti, halafu cha kiuno, halafu cha kimo cha mtu. Udongo ule Gekara aliukanda kwa vidole, akaunusa, kisha akaugusisha ncha ya ulimi. Mzungu aliyemfundisha, ambaye alirudi kwao mara tu baada ya Uhuru, alizoea kumwambia kuwa ulimi hufika kabla ya maabara. Kwa ulimi aliujua udongo mchachu unaopendwa na majani chai, aliujua udongo wa majivu, na mara moja moja, akishuka kule kwenye joto upande wa Narok, alikutana na chumvi.

Alikuwa Mgusii wa upande wa Keroka. Alikuja Kericho mwaka wa 1946 kuchuma chai, kijana wa miaka kumi na tisa, akachuma miaka saba, kikapu mgongoni, mvua ikimpiga leo na kesho, mpaka siku wapimaji walipopita kambini wakitafuta mtu wa kubeba mnyororo wa kupimia ardhi. Alidhani kubeba mnyororo ni kupumzika. Tangu siku hiyo alitembea. Alitoboa Kiptere, akatoboa Sotik, akatoboa mabonde ambayo hata wenyeji hawakuwa na haja ya kuyapa majina. Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa hapo hapo alipovulia, kwa sababu kiti kilikuwa hatua nne mbele na hatua nne zilikuwa nyingi.

Mkewe, Yunia, aliyeishi naye Sotik katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba ulimi ule umeharibika.

"Baba Nyambeki, hiyo mboga ina chumvi?" alimwuliza jioni moja.

"Iko sawa."

"Sijaweka hata chembe. Nilitaka tu kuona."

Hakucheka, na Yunia hakucheka. Mtu wa keekee asiyejua mboga ina chumvi au haina ni kama mkunga aliyekufa ganzi vidole. Gekara alimaliza chakula chake. Ofisini hakumwambia mtu.

Januari hiyo hiyo Muturi alimwita chumba cha ramani. Muturi alikuwa afisa mpya, kijana wa Nyeri aliyesomea ng'ambo, mwenye miwani na haraka. Lakini alikuwa na adabu. Alimwita Gekara mzee, na akimtuma hakumtuma kama mtu anayefukuza kuku. Mezani alikuwa ametandaza karatasi kubwa inayong'aa, nyekundu tupu upande mmoja, na upande wa pili rangi za majivu na samawati.

"Hii ni picha kutoka juu, mzee. Kuna chombo kinazunguka dunia, hakina mtu ndani. Kila siku kumi na nane kinapita hapa juu yetu asubuhi na kupiga picha."

"Juu kama ndege?"

"Juu sana. Ndege ni kama kuku ukilinganisha." Muturi alipapasa ile karatasi polepole. "Nimengoja picha saba. Zote zilikuja na mawingu, na Kericho unaijua. Hii ilipigwa Januari ya mwaka jana, na ndiyo imefika sasa. Hii nyekundu yote ni majani chai."

"Majani chai nyekundu?"

"Si nyekundu kwa macho yetu. Kile chombo kinaona mwanga ambao wewe na mimi hatuuoni. Mmea wenye afya unaurudisha huo mwanga kwa wingi, na hapa kwenye karatasi wameupatia rangi nyekundu ili tuuone."

Gekara aliinama. Aliitafuta Sotik, akaonyeshwa. Akatafuta soko, akatafuta nyumba aliyolala.

"Mtu anaonekana?"

"Haonekani, mzee. Hata nyumba haionekani. Nukta moja hapa ni zaidi ya ekari nzima."

Gekara alifikiria ekari moja. Kwake ekari moja ilikuwa mashimo manane na asubuhi nzima, na jasho la kujaza kofia. Hapo ilikuwa nukta ndogo kuliko yai la chawa, na zilikuwa maelfu.

Muturi akaweka kidole upande wa Mulot, kule ambako mashamba ya ngano na malisho yanaanza kushuka kuelekea Narok. Palikuwa na madoa matatu meupe, meupe pepepe, kama mtu aliyedondosha maziwa.

"Nafikiri hii ni chumvi. Udongo ukijaa chumvi, mimea inakufa na juu kunabaki ukoko mweupe, na huo ukoko unang'aa sana kwenye picha. Kama ni kweli, tutaweza kuchunga chumvi kutoka juu, mwaka baada ya mwaka, bila kutembea nchi nzima. Lakini kutoka juu ni kukisia tu. Lazima mtu ashuke chini aguse."

"Na huyo mtu ni mimi."

"Ni wewe, mzee."

"Ni mimi siku zote," alisema Gekara, akaenda kutafuta keekee yake.

Walipaswa kwenda wote wawili, lakini Muturi aliitwa mkutanoni Nairobi, kwa hiyo dereva alimshusha Gekara peke yake pale Mulot na keekee, mifuko, mtungi wa maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasibaki na chumvi yoyote, na kisanduku cha kupimia chumvi. Kisanduku kile kilikuwa na sindano kama ya saa. Ulichanganya udongo kidogo na maji ya betri, ukakoroga, ukangoja utulie, ukatumbukiza waya mbili; chumvi ikiwa nyingi umeme ulipita kwa urahisi na sindano ikaruka. Dereva aliahidi kurudi baada ya siku nne. Gekara alipanga chumba nyuma ya duka na akalala na viatu miguuni.

Doa la kwanza halikuwa chumvi. Lilikuwa uwanja wa mnada wa ng'ombe na njia zote zinazouendea, ardhi iliyokanyagwa na kwato miaka na miaka mpaka ikawa ngumu na nyeupe kama sahani. Alitoboa mashimo sita, sindano ikalala. Doa la pili lilikuwa shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, mabua makavu na vumbi, ekari kwa ekari, bila hata mti wa kuegemea. Hapo alitoboa mashimo kumi na mawili chini ya jua, sindano ikalala tena. Siku mbili zilikuwa zimekwisha. Usiku goti la kulia lilivimba, akalikanda kwa maji ya moto aliyopewa na mwenye duka, na akawaza kuwa kile chombo kilichoko juu kimetembea dunia nzima mara nyingi tangu asubuhi na hakina goti.

Doa la tatu lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mulot. Lilikuwa bonde tambarare chini ya kilima. Mzungu mfugaji aliyelimiliki alipoondoka mwaka wa 1966, watu kutoka Nyeri na Murang'a walilinunua kwa pamoja na kuligawa, kila jamaa ekari tatu. Gekara aliliona kabla hajafika: weupe ulioenea katikati ya mahindi ya manjano kama ukurutu kichwani. Alipokanyaga, ardhi ilivunjika chini ya kiatu kama ukoko wa ugali.

Hakuwa amezungusha keekee mara tatu alipomwona mwanamke akija, jembe begani. Alikuwa mwembamba, wa miaka kama arobaini na mitano, kitambaa cha kichwani kimefungwa nyuma ya shingo.

"Wewe ni wa serikali?"

"Ni wa udongo, mama."

"Wa udongo si ndio wa serikali?" Alisimama hapo bila kushusha jembe. "Kama mmekuja kusema hii shamba si yetu, karatasi iko."

"Sijakuja kwa mambo ya karatasi. Nataka kujua kwa nini hapa ni peupe."

Mwanamke akashusha jembe, akaukalia mpini. "Kama utajua, uniambie. Mimi nimeuliza miaka miwili."

Jina lake lilikuwa Wamuyu. Alieleza huku Gekara akitoboa. Walipofika bonde lilikuwa kavu, mvua haikutosha, lakini kule kilimani palikuwa na chemchemi isiyokauka. Mumewe, Nganga, ndiye aliyesema maji yale yateremshwe. Walichimba mfereji, yeye na Nganga na wengine, kupitia mwamba, kwa sururu na mitaimbo, miaka miwili. Mwaka wa 1968 maji yalifika shambani na watu wakaimba. Vitunguu vilikuja vikubwa kama ngumi, kabichi hazikumbatiki, magari yalitoka Bomet kuzifuata. Mwaka wa 1971 Nganga aliugua kifua na akafa. Mwaka uliofuata kona moja ya shamba ikakataa kuota. Wakaimwagilia zaidi. Kona ikapanuka. Wakaimwagilia zaidi tena.

"Watu wengine wanasema ni mimi nimelaaniwa," alisema Wamuyu. "Lakini sasa hata kwa mwenyekiti wa kikundi chetu kona moja imeanza, na yeye hakufiwa na mtu."

Gekara alichanganya udongo na maji ya betri katika kopo, akakoroga, akangoja. Alipotumbukiza waya, sindano ilikimbia mpaka mwisho wa kulia ikakwama hapo. Alikipigapiga kisanduku akidhani kimeharibika. Akachukua udongo wa kina cha kiuno, akarudia. Sindano ikakimbia tena. Basi doa la tatu lilikuwa chumvi kweli, na kijana Muturi angefurahi. Gekara hakusikia furaha yoyote. Aliuangalia mfereji, maji yakipita taratibu, safi, yakimeta, na wazo likamwingia ambalo hakulipenda.

"Nipe hayo maji kidogo."

Alipima. Sindano haikufika mwisho, lakini ilipanda hadi katikati, mahali ambapo maji ya kunywa hayafai kufika. Alikinga mengine kwa kiganja, akayaweka mdomoni, akayazungusha. Hakuonja kitu. Yalikuwa maji tu. Kwa mara ya kwanza kazini aliogopa, kwa sababu kisanduku kilisema hivi na ulimi ukasema vile, na alijua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichodanganya Sotik mbele ya sahani ya mboga.

"Mama, hebu onja wewe. Yana chumvi?"

Wamuyu alikunywa. "Ni maji tu."

"Hakuna kitu?"

"Nimekunywa haya miaka sita. Ni maji."

Wakatazamana, watu wawili wazima wasioweza kujua ladha ya maji. Hapo ndipo kengele za ng'ombe ziliposikika, na mzee Mkipsigis akatokea upande wa juu na kundi la ng'ombe thelathini hivi. Hakuhitaji kuwachunga. Ng'ombe walimpita, wakashuka mbio, wakatia midomo katika mfereji, wakanywa kama waliokuwa jangwani. Wengine waliuacha mfereji wakaanza kulamba ukingo wake, ulimi juu ya udongo, macho yamefumba.

"Huyo ni Mzee Chepyegon," alisema Wamuyu. "Anakaa huko ng'ambo."

Gekara alimsalimia, kisha akamwuliza, "Mzee, hawa wanatoka mbali?"

"Mbali. Mto iko karibu na kwangu, lakini hawataki maji ya mto. Wanataka hii." Chepyegon aliegemea fimbo yake. "Tangu baba yangu, hapa ni mahali ya kulamba. Ng'ombe ikilamba hapa, manyoya inakuwa laini na maziwa inaongezeka. Maji ya hiyo kilima iko na chumvi."

Wamuyu alisimama. "Ulijua?"

"Kila mtu anajua, mama."

"Mimi sikujua! Miaka minane tuko majirani. Kwa nini hukuniambia?"

Mzee hakukasirika. Alijibu kwa sauti ya chini. "Ninyi mlikuja na karatasi na wapimaji. Mtu ya karatasi haulizi mtu ya ng'ombe. Halafu nilifikiri mnajua. Ng'ombe yangu inapita kwa mlango yako kila siku."

Ofisini palikuwa na sheria: mtu wa keekee hamwambii mkulima lolote. Anachukua udongo, anaandika namba juu ya mfuko, mengine yataandikwa na wakubwa. Kwa miaka ishirini na mmoja Gekara aliishika sheria hiyo, na ilimfaa, kwa sababu asiyesema hahesabiwi makosa. Siku ile alijua ripoti ingechukua mwaka, pengine miwili. Alijua pia kwamba mwanamke yule angeendelea kumwaga maji.

"Mama, jina la mtoto wako ni nani?"

"Wacuka."

"Mama Wacuka, haya maji ndiyo yanaua shamba. Yanakuja na chumvi kidogo, jua linakunywa maji, chumvi inabaki. Kesho yanakuja mengine. Kidogo kidogo, miaka sita. Funga maji. Halafu kule chini, mwisho wa shamba, chimba mtaro mwingine, wa kutoa. Mvua ikinyesha iioshe chumvi iteremke, ipate pa kutokea. Na samadi, nyingi sana."

Wamuyu alimgeuzia mgongo akautazama mfereji kutoka shambani mpaka unapopotea kilimani. Gekara alingoja atukanwe. Hakutukanwa.

"Nganga alikufa kwa ajili ya huu," alisema mwishowe. "Vumbi ya huo mwamba ndiyo iliingia kifuani. Daktari alisema hivyo. Na sasa unaniambia nifunge, nichimbe mwingine."

"Ndiyo."

"Na mimi nimechoka."

"Najua, mama," Gekara alijibu. Aliketi chini kando ya keekee yake, na Wamuyu akaketi pia. Ng'ombe walimaliza kunywa wakaenda zao.

Siku ya nne Muturi alikuja mwenyewe na Land Rover. Aliposikia doa la tatu ni chumvi alipiga makofi. Gekara alimngoja atulie.

"Matatu, moja ndilo chumvi, bwana Muturi. Mawili ni kwato na ngano. Na kuna jambo jingine. Hapo kando, kwa mwenyekiti, picha yako inaonyesha nyekundu."

"Ndiyo, vitunguu. Viko vizuri."

"Nimetoboa. Goti ni sawa, kiuno ni chumvi. Bado miaka miwili, mitatu, ipande juu."

Muturi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Picha inaona ngozi tu," alisema. "Haioni chini ya ngozi." Kisha akatoa daftari na kuandika yote, hata yale yaliyomtia aibu, na kwa hilo Gekara alimheshimu tangu siku hiyo.

Wamuyu aliufunga mlango wake wa maji mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika, kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, mchana kweupe, kila mtu akiona. Mwenyekiti aliitisha mkutano. Ilisemwa kwamba mjane amerogwa na Mgusii mwenye chuma, kwamba anataka kuidharau kazi ya marehemu, kwamba akiomba maji tena hatapewa. Wamuyu aliwaachia maneno yao. Alikwenda mwisho wa shamba na binti yake Wacuka, wakaanza mtaro wa pili. Udongo wa pale ulikuwa mzito, ukilowa unanata kama gundi, ukikauka unakataa jembe. Walichimba hatua mbili kwa siku, siku nyingine moja. Mwaka ule hawakuvuna kitu. Mwaka uliofuata walivuna magunia mawili ya mtama, wakala uji mwembamba asubuhi na jioni. Wacuka alikonda mpaka watu wakaanza kuuliza.

Mzee Chepyegon alikuja na jambo lake. Alitaka ng'ombe wake wapite katikati ya shamba la Wamuyu kwenda kilimani, kwa sababu ile njia ya zamani ilikuwa imelimwa. Wamuyu alikubali kwa sharti kwamba walale hapo siku mbili kwa wiki kwenye ule weupe. Kwa hiyo ng'ombe thelathini wakalala juu ya chumvi na kuacha samadi yao, na mwaka wa pili Chepyegon akamletea mtamba mwekundu mwenye mimba bila kueleza ni wa nini.

Gekara alirudi kila Januari, kwani Muturi alitaka kipimo kile kile mahali pale pale kila picha inapopigwa. Mwaka wa 1975 sindano ilikimbia hadi mwisho. Mwaka wa 1976 ilikimbia hadi mwisho. Wamuyu alisimama kando yake kila mara, akiitazama ile sindano kama mtu anayetazama mdomo wa daktari, na kila mara Gekara alilazimika kusema "bado". Neno hilo lilimchosha kuliko kutoboa. Mwaka wa 1977, kutoka barabarani mpaka shambani alipumzika mara tano, na Wacuka alikuja kumpokea keekee.

"Bado?" Wamuyu aliuliza kabla hajachanganya udongo.

"Imeteremka kidogo. Kidogo sana. Usifurahi."

"Sijui tena kufurahi kunaanzia wapi," alisema, akarudi mtaroni.

Mwaka huo mvua ilikuja. Ilianza Machi, na Mei ilikuwa bado inanyesha kama iliyosahau kusimama. Madaraja yalikwenda na maji, barabara ya Narok ilikatika siku kumi, na kule bondeni maji yalisimama juu ya mashamba yote. Kwa wengine yalisimama mpaka yakanuka. Kwa Wamuyu yalizama, yakaingia katika ule mtaro wa pili, yakatoka rangi ya chai ya maziwa, wiki baada ya wiki. Januari iliyofuata sindano ilisimama chini ya katikati. Gekara alirudia mara tatu. Kisha akamwita aje aone mwenyewe, kwa sababu hakujiamini kusema.

Wamuyu aliitazama sindano. Halafu akamwangalia Gekara, akasema tu, "Njoo unywe chai," na ndani ya nyumba alikaa kwenye kitanda akalia kwa uchovu, kwa sauti, huku Wacuka akimwaga chai na kujifanya hasikii.

Picha ya Januari hiyo ilifika Kericho mwishoni mwa 1978. Muturi alimwekea Gekara kiti kwanza, kisha akaitandaza. Doa jeupe lilikuwa limekua karibu mara mbili. Lilikuwa limeshakula vitunguu vya mwenyekiti na mashamba mengine saba, kama Gekara alivyosema. Lakini ukingoni mwake palikuwa na nukta mbili za waridi. Muturi alizihesabu na kuzipima kwa rula, akalinganisha na ramani.

"Ni kwake," alisema. "Ekari mbili katika tatu zake. Ile ya tatu bado nyeupe."

"Hiyo ya tatu ni ya chini. Itakuwa ya mwisho, au haitakuwa."

Gekara alistaafu mwaka uliofuata kwa barua ya daktari iliyozungumzia magoti. Ripoti ilichapwa, yenye picha za rangi, na nyuma yake kulikuwa na majina ya watu kumi na mmoja, lake halikuwamo. Muturi alikuja hadi Sotik kuomba msamaha, akisema aliliandika na huko juu likatolewa. Gekara alimwambia asihangaike. Alisema hivyo kwa kweli, si kwa heshima tu; alikuwa na usingizi.

Yeye na Yunia walihamia nyumbani, upande wa Keroka, kwenye vichaka mia tatu vya chai ambavyo Yunia alikuwa amevipanda kidogo kidogo akiwa peke yake. Ilikuwa huko, mwaka wa 1979, barua ilipomfikia. Mwandiko ulikuwa wa Wacuka. Mwenyekiti alikuwa ameufunga mfereji mkubwa kwa mkono wake mwenyewe. Maji ya kilimani sasa yanaishia kwenye hori la ng'ombe juu ya mashamba. Familia kumi na tisa zimeamua kuchimba mitaro ya kutoa, wamekubaliana kufanya kazi pamoja Jumanne na Alhamisi. Mama anauliza: wachimbe kina gani? Wengine wanasema kiuno kinatosha.

Gekara alimwita binti yake Nyambeki alete kalamu. Alimwambia aandike kwamba kiuno hakitoshi. Wafike kifuani, na waanzie chini kabisa wakipanda juu, la sivyo maji yatasimama. Wasiianze kazi hiyo wakiwa na njaa. Wasitarajie kitu mwaka wa kwanza wala wa pili.

"Ni hayo tu?" aliuliza Yunia kutoka mlangoni. "Hata salamu?"

"Ongeza salamu," alisema Gekara, akanyoosha mguu mbaya juu ya kigoda. "Mwambie Wamuyu nasema pole kwa kazi."